Masale ya Njia ya Maporomoko

Nikiingia kwenye hoteli yenye sakafu ya kung'aa, macho yangu hukimbilia kona kwanza. Ni tabia isiyo na faida, kama ya mtu anayepapasa kwa ulimi pengo la jino lililokwisha kung'olewa. Kwenye kona aghalabu pana chungu kikubwa, na ndani yake mmea wa majani marefu yaliyochongoka, yanayofutwa vumbi kwa kitambaa kila asubuhi. Wahudumu wa mapokezi wakiulizwa watakwambia ni ua la kupendezesha. Kule nilikozaliwa mmea huo unaitwa isale, na yakiwa mengi ni masale, na mimi nikiuona hutafuta kiti cha mbali nikakaa nimeupa mgongo. Tangu tulipomzika Baba mwaka huu, hata kiti cha mbali hakinitoshi. Hutoka nikasubiri nje.

Nyinyi mliolingana nami umri mnazikumbuka siku za ruksa. Dawa ya meno ilirudi madukani, sukari ikaacha kupangiwa foleni, mitumba ikamwagwa chini mafungu kwa mafungu, na jirani mwenye televisheni akawa mtu wa kuamkiwa mara mbili kwa siku. Kila kitu kilikuwa ruksa: ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kufungua. Hatukuambiwa sisi watoto kwamba ruksa ina upande wa pili, ruksa ya kufunga, na kwamba wengine tungekaa upande huo.

Baba alikuwa dereva wa watalii katika kampuni ya umma pale Arusha. Tulikaa Kaloleni, vyumba viwili vya kupanga, choo cha uani. Watoto wenzangu wakiulizwa baba zao wako wapi walijibu, "Ameenda shamba," na mimi nilijibu, "Ameenda Ngorongoro," kwa sauti ile ile. Basi nikaamini kwamba Ngorongoro ni shamba letu. Manyara letu, Momella letu, kreta ya Ngurdoto yenye nyati wasiohesabika letu pia. Wanyama wote ni mifugo ya Baba, na Wazungu ni watu wanaokuja kumbembeleza awaonyeshe. Niliwahurumia sana wale Wazungu. Watu wazima, wametoka mbali, kwao hawana hata tembo mmoja.

Kwamba mimi mwenyewe sijawahi kuyaona mashamba yetu halikunisumbua. Baba alikuwa akinisimulia jioni, kaki yake bado ina harufu ya vumbi na mafuta ya gari, darubini imening'inia msumarini. "Kuna siku nitawapeleka wote," alisema, "wewe, mama yako na mdogo wako. Nitawafungulia paa la gari msimame kama wageni." Mama alikuwa akicheka jikoni. Alikuwa akisema fundi seremala hulala kitanda kibovu.

Siku kampuni ilipouzwa Baba alirudi nyumbani mchana, na Baba hakuwa mtu wa kuonekana mchana. Watu wazima walisema amepigwa redandansi, yaani amepunguzwa kazini. Nililitazama shavu lake nione alama ya kipigo, sikuiona. Nikamuuliza sasa nani atawalisha tembo. Alinishika kichwa, akaingia chumbani, akalala na viatu. Waliomnunua mwajiri wake walikuja na magari mapya na madereva vijana, na kampuni nyingine za watu binafsi zikaota kila kona kama uyoga. Alizunguka zote. Walimjua, walimwamkia, walimpa chai. Kazi hawakumpa.

Nyumba ikawa ya Mama. Alikuwa ameanza kuuza mitumba soko la Kilombero, akawa anaondoka alfajiri na kurudi magharibi, mdogo wangu mgongoni. Mama alikuwa Mchaga, Mlutheri, na kwao walikuwa watu wa Machame waliohamia miteremko ya Meru tangu enzi za babu yake, kwenye kahawa na migomba. Baba alikuwa Mwislamu wa mjini, asili yake Singida, hana hata mgomba mmoja. Walioana bomani kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuwapokea wote wawili. Babu, baba yake Mama, hakuja. Nilipozaliwa mimi ndipo Bibi aliposhuka na mtori wa ndizi kwenye kibuyu, na tangu hapo ikawa tunakwenda kuwaamkia Jumapili mojamoja. Babu aliitikia shikamoo ya Baba akitazama ng'ombe.

Chini ya shamba la Babu kulikuwa na korongo, na ndani ya korongo maporomoko. Kwa watu wa pale yalikuwa maji tu, ya kunyweshea na kufulia. Jumapili moja Baba akanishika mkono tukashuka kutazama. Nakumbuka ubaridi uliotupokea ghafla kama wa mlango wa chumba cha barafu, harufu ya ukoka uliooza na maganda ya kahawa, na ngurumo niliyoisikia tumboni kabla ya masikioni. Maji yaliruka kutoka juu kabisa, meupe, yakapiga mwamba mweusi, yakatulia kwenye kidimbwi unachoweza kuona mawe yake chini. Baba alisimama muda mrefu. Uso wake ulirudi kuwa ule wa zamani, wa jioni za kusimulia.

"Rukia," alisema, "kuna watu wanatoka Ulaya kuja kuona maji madogo kuliko haya."

Kutoka siku hiyo alikuwa na neno moja tu mdomoni. Si kila mgeni ana uwezo wa kwenda Serengeti, alisema. Wengine wanakwama mjini siku nzima wakisubiri gari, wanazunguka mnara wa saa wakinunua vinyago wasivyovitaka. Hao atawaleta hapa. Watatembea kwa miguu, wataona kahawa inavyovunwa, watakula machalari ya Bibi, ndizi zilizopikwa na nyama, wataoga maji ya mlima. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Alipanda kwa Babu akiwa amevaa kaki yake iliyopigwa pasi, akaomba kupita. Babu alimalizia kwanza kumkatia ng'ombe majani. Mwishowe akasema, "Maji hayana mwenyewe. Pita." Baba alishuka akitembea kama kijana. Mama alipoambiwa alikaa kitandani akalia, akisema huenda sasa wamemkubali. Hapo ndipo nilipojua kwamba hayakuwa maporomoko tu. Baba akifaulu pale, Mama angekuwa na kwao na kwake kwa wakati mmoja.

Alichimba ngazi kwenye udongo, akazikingia fito. Akafunga benchi la magogo mahali ambapo rasharasha za maji zinakufikia usoni. Sisi wajukuu tulikusanya mawe. Kisha akaleta wageni wa kwanza, mume na mke wazee, amewakuta mnara wa saa wakibishana juu ya ramani. Nilijivuna mpaka nikajikwaa: Baba amepata tena watu wa kumbembeleza. Walipiga picha, mzee akavua viatu akatia miguu majini akapiga kelele ya baridi, Bibi akacheka kwa mara ya kwanza mbele ya Baba akiwa amejifunika mdomo kwa kanga.

Wakati wa kupanda, bibi yule wa Kizungu alitangulia. Pale njia inapogawanyika akashika ya kushoto, akaingia migombani. Tulipomkuta alikuwa ameketi juu ya kaburi la baba yake Babu, anafunga kamba za kiatu. Alitupungia mkono. Babu alikuwa mlangoni akiona yote. Aligeuka akaingia ndani, na mjomba wangu Elia, kaka yake Mama, akatema mate chini. Baba aliomba radhi kwa kila mtu, hata kwa ng'ombe angeomba. Usiku wa siku ile hakula. "Kosa ni langu," alimwambia Mama. "Njia haina alama. Nitaiwekea alama nzuri, mgeni asipotee tena akawakanyagia wazee wao."

Alikuwa na rafiki, mtunza bustani wa hoteli moja kubwa mjini, ambako zamani alikuwa akiwashusha wageni. Bustani ilikuwa inapunguzwa, na vichaka vya ule mmea wa majani marefu vilikuwa vimefyekwa vikalundikwa nyuma ya jiko. Baba aliujua vizuri mmea huo. Alikuwa ameuona miaka yote ya kazi yake, kwenye vyungu vya mapokezi na kando ya vijia vya lodge za mbugani, umepangwa mstari ili mgeni asikanyage majani. Alijua jina lake la kitabuni, lile ambalo Wazungu walimfundisha. Unaota ukichomeka fimbo tu, haulilii maji, hauliwi na mbuzi. Angepata wapi alama bora kuliko hiyo?

Ilikuwa likizo ya masika, Mama yuko sokoni kutwa. Tulipanda na mzigo wetu nyuma ya pikapu iliyokuwa imeshusha ndizi mjini. Nakumbuka akina mama wauza ndizi walivyokunja miguu waliposikia majani yakiwagusa, na jinsi mazungumzo yalivyokatika. Mmoja, mtu mzima, aliuliza kwa sauti ya chini, "Baba Rukia, na masale yote haya? Unahamia?"

Baba alikuwa na furaha siku ile, na mtu mwenye furaha hujibu haraka. "Nahamia, mama!" alisema. "Karibuni chai." Alicheka peke yake. Mimi nilicheka kumsaidia.

Tulipanda miche wiki nzima, mvua ikitunyeshea. Yeye alitoboa shimo kwa mtaimbo, mimi nikasimamisha mche, yeye akashindilia kwa kisigino. Pande zote mbili za njia, kutoka barabarani, kupitia katikati ya kahawa ya Babu, mpaka benchi la magogo. Niliyaona kama askari wa gwaride wanaosubiri rais apite. Watu wa nyumbani kwa Babu walipita na ndoo zao za maji, wakatazama, wakapita. Hakuna aliyetuambia neno. Baba akadhani wamependezwa, na alipomwona Babu amesimama juu akitazama mstari wote, mikono nyuma, alinyoosha mgongo akamwamkia kwa mbali. Babu hakuitikia. "Masikio," Baba aliniambia. "Uzee."

Jumapili Mama akaja na mdogo wangu mgongoni, kikapu kichwani, sisi tumemtangulia kumpokea barabarani. Baba alikuwa amenikataza kumwambia, ilikuwa iwe zawadi. Mama alifika mwanzo wa njia akasimama. Alikishusha kikapu polepole.

"Baba Rukia, nani amepanda haya?"

"Mimi na fundi wangu huyu. Yamependeza, sivyo?"

"Yang'oe."

"Unasemaje?"

"Yang'oe sasa hivi, kabla baba yangu hajatoka kanisani." Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Huku haya ni mpaka. Mtu akipanda isale amesema, kuanzia hapa ni pangu. Umelipasua shamba la baba yangu katikati, kutoka barabarani mpaka majini. Mungu wangu, na wiki nzima wamekuona."

Baba alianza kucheka, cheko la mtu anayesubiri mwenzake naye acheke. Akasema mbona hotelini, akasema mbona kila lodge. Aliinama kushika mche wa kwanza, na nina hakika angeung'oa. Lakini watu walikuwa wameshatoka ibadani. Walikuja njia nzima, suti na vitenge, na Mjomba Elia mbele, Biblia kwapani. Alimpa mtoto mmoja Biblia ashike. Akaanza kung'oa, mche mmoja baada ya mwingine, na kuitupa korongoni, matope yakimrukia suruali ya kanisani.

"Bomani ulichukua dada," alisema bila kugeuka. "Tukanyamaza. Sasa unachukua shamba."

"Shemeji, mimi sikujua. Naapa kwa Mwenyezi Mungu."

"Asiyejua maana haambiwi maana. Kwenye gari uliulizwa, ukasema unahamia. Mwizi wa mchana, mtu wa kuja!"

Nilimtazama Baba nikisubiri aseme kitu. Huyu alikuwa mtu mwenye Ngorongoro, angetaka shamba la Babu la nini? Ningeweza kuwaeleza mimi. Baba akanishika mkono. Mama alimsogelea akamwambia kwa sauti ya kunong'ona, "Tangulieni. Acha mimi nibaki nizungumze nao. Nitakufuata." Mdogo wangu alikuwa amelala mgongoni mwake, mdomo wazi. Tulishuka barabarani, na hiyo ndiyo mara ya mwisho kuwaona baba yangu na mama yangu wamesimama pamoja.

Nyumbani Kaloleni vyumba viwili vilikuwa vikubwa ghafla. Baba alipika uji wenye madonge. Kila pikapu iliyopita nilikimbia dirishani. Nilimwambia twende tumchukue Mama, akanijibu, "Mtu akikuita mwizi, huendi kwake kuchukua kitu, hata kama ni chako." Nilipomwuliza tena alitazama ukutani kwenye darubini.

Badala ya Mama, akaja Bibi. Ilikuwa asubuhi, nafagia uani, nikamwona kwenye kichochoro amevaa kitenge chake cha kanisani, kikapu mkononi, miguu ina vumbi mpaka magotini. Sikumbuki Bibi kuja mjini peke yake siku nyingine yoyote. Hakuingia ndani. Mama mkwe haingii hovyo kwa mkwewe, na hata maneno baina yao huwa ya kuhesabu. Alisimama kizingitini, na Baba akasimama ndani, wote wawili wakitazama chini. Kiswahili cha Bibi kilikuwa kidogo, cha sokoni.

"Shikamoo, mama," alisema Baba.

"Marahaba, baba. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo."

Bibi aliingiza mkono kwenye kikapu, chini ya ndizi, akatoa jani moja la isale. Lilikuwa limefungwa fundo katikati. Alilishika kwa mikono yote miwili akamnyooshea Baba, akipiga goti kidogo, yeye mtu mzima, mbele ya mtu wa umri wa mwanawe.

"Nakuomba, baba," alisema. "Wote tunakuomba."

Nilimwona Baba anarudi nyuma hatua moja. Heshima yake ilimzuia kukataa kitu mkononi mwa mama mkwe. Alilipokea. Bibi akafumba macho, akashusha pumzi ndefu, akashukuru kwa Kichaga, "Aika. Aika sana." Akanivuta nje kwa bega akaninong'oneza kwamba kesho Mama anakuja. Kisha akaketi kwenye jiwe la kufulia kupumzika, uso wote umefunguka.

Ndani, Baba alisimama na lile jani. Alizungumza peke yake, lakini nilikuwa karibu nikasikia. "Wamenitumia mpaka," alisema. "Hata kuniletea mpaka mlangoni." Akazitoa ndizi kwenye kikapu. Mama alikuwa ametufundisha tangu tukiwa wadogo kwamba chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Jirani akikuletea mboga kwenye sahani, sahani irudi hata na chumvi. Baba alichukua sukari, ile tuliyokuwa tumenunua kwa ajili ya kurudi kwa Mama, akaitia kikapuni na kipande cha sabuni. Juu yake akaliweka jani la isale na fundo lake. Akafunika kwa kitambaa.

Nilijaa fahari. Niliona Baba amekumbuka adabu yote peke yake bila Mama kumwambia, amerudisha chombo kimejaa, tena amekipamba. Bibi alikipokea kwa mikono miwili. Akaenda zake kichochoroni haraka, kama mtu mwenye habari njema ya kufikisha.

Kesho yake nilifagia uani mara mbili. Nikapanga viatu vya Mama mlangoni. Keshokutwa yake vilikuwa bado pale, na wiki iliyofuata, mpaka Baba akaviondoa.

Sina ya kusimulia mengi baada ya hapo. Mama hakuja, na hakuna aliyekuja tena kutoka kule. Baba alinipeleka Dar es Salaam kwa shangazi, dada yake, nikakulia huko kwenye joto, nikaanza kusahau kahawa inanukaje. Yeye alibaki Arusha akalinda maghala ya watu. Likizo chache nilipelekwa kwa Mama, nikamkuta amekonda, anauza maziwa, mdogo wangu ananitazama kama mgeni. Nikiwa msichana mkubwa nilimwuliza kwa nini hakurudi. Alikuwa anakamua ng'ombe, hakuacha kukamua. "Muulize baba yako," alisema. "Aliletewa, akapokea kwa mikono yake. Halafu akarudisha. Mbele ya watu wote wamekaa wanasubiri, Bibi yako anafungua kikapu huku anacheka." Nilidhani anasema habari ya sukari. Nikaona ni watu wa ajabu, wanaovunja ndoa kwa kurudishiwa chombo kimejaa. Nilipomwuliza Baba alisema, "Muulize mama yako. Kwao ndiko waliniwekea mpaka." Nikaacha kuuliza. Bibi akafa, Babu akafa, na Mama naye akafuata kwa ugonjwa wa kifua kabla nywele zake hazijaota mvi. Wakamzika Machame, asili ya ukoo wao. Baba alisikia habari siku ya tatu.

Mwaka juzi nilienda Arusha kumwona. Alikuwa amechoka, anatembea na mkongojo, na nilitaka kumtoa nje kidogo. Nilimwambia achague popote: Ngorongoro, Manyara, mimi ninalipia, tutasimama na paa wazi. Alifikiri. "Nipeleke kwenye yale maji," alisema.

Shamba la Babu lilikuwa limeuzwa na watoto wa Mjomba Elia. Mnunuzi alikuwa ameweka geti, bango lenye picha, ngazi za saruji, vyoo. Magari ya watalii yalikuwa yamejipanga pale ambapo akina mama walikuwa wakishusha ndizi. Kila kitu alichokisema Baba kilikuwepo, hadi machalari. Alipanga foleni na wageni wengine, amevaa shati lake la kaki, akakatiwa tiketi. Tulipewa mwongoza wageni, dada mmoja mchangamfu mwenye fulana ya kijani, akatuchanganya na familia ya Wahindi kutoka Nairobi na vijana wawili wa chuo. Baba alishuka ngazi moja moja. Hakusema kwamba aliwahi kuzichimba.

Karibu na maji kulikuwa na msitu wa masale. Sikuwa nimeyatarajia. Kumbe yale aliyoyatupa Mjomba korongoni hayakufa. Isale halifi kirahisi, ukilitupa linaota pale linapoangukia. Yalikuwa yamepanda ukingo mzima, marefu kuliko mtu, yanadondosha matone. Dada wa fulana ya kijani alisimama mbele yake akageuka kutukabili, na nilijua kwa jinsi alivyofumbata viganja kwamba hapa ndipo penye maelezo anayoyapenda.

"Hili ni isale," alisema. "Wazee walilipanda hapa zamani sana. Kwetu Uchagani lina kazi kubwa. Ya kwanza ni mpaka. Lakini kubwa zaidi ni msamaha. Umemkosea mtu, hata umemtukana, hata mmepelekana mbali namna gani, unakata jani moja, unalifunga fundo, unampelekea. Hutakiwi kusema mengi. Akilipokea, yameisha, mmepatana. Hawezi kukataa."

"Na akikataa?" aliuliza kijana mmoja wa chuo.

"Akilirudisha? Ah, huyo amekata undugu. Hakuna atakayemfuata tena. Utampelekea nini kingine?"

Ngurumo ya maji ilikuwa ile ile ya tumboni. Sikuthubutu kumtazama Baba. Nilimsikia akisafisha koo, kisha akanyoosha mkono juu kama mwanafunzi, yeye aliyewaeleza wageni nchi hii maisha yake yote.

"Na mtu ambaye hajui?" aliuliza. "Ameletewa, na hajui?"

Dada alicheka kwa upole, kama tunavyowachekea wazee. "Mzee wangu, huku hakuna asiyejua."

Familia ya Wahindi ilikwenda kupiga picha. Baba aliketi kwenye benchi, la saruji sasa, rasharasha zikimlowesha miwani asizifute. Nilikaa naye. Tulipanda ngazi moja moja, tukarudi garini mpaka Kaloleni. Nilimfungulia mlango wa chumba chake, nikamvua viatu, nikamletea chai. Aliishika bila kunywa. Alikuwa akitazama kizingiti.

"Nilimtilia sukari," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Na sabuni."

"Ndiyo. Nilikuona."

Chai ilipoa mkononi mwake.

"Na lile jani nililiweka juu kabisa, Rukia," alisema. "Ili akifika aanze kuliona hilo."